Namna ya kutathmini zoezi la kupima macho chekechea

Ukimaliza kupima macho ya watoto wa chekechea, swali la kwanza utakaloulizwa ni: mmepima wangapi? Mimi ni mpimaji macho Ngamiani, Tanga. Zoezi letu la kwanza lilikuwa na idadi ya kujivunia, ila tulipopita majumbani miezi mitatu baadaye, miwani tuliyoikuta haikujaza vidole vya mkono mmoja. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Hatua ya 1: Andika mnachotafuta. Kwa umri huu ni jicho vivu (jicho lisiloona vizuri kwa sababu ubongo umezoea kutolitumia), makengeza na kasoro zinazohitaji miwani. Jicho vivu hutibika vizuri zaidi kabla ya miaka 7, ndiyo maana tunahangaika na chekechea badala ya kungoja darasa la tatu. Mboni inayong'aa nyeupe haingoji tathmini yoyote. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani. Mtoto apelekwe kwa daktari wa macho haraka.

Hatua ya 2: Anza na daftari la mahudhurio. Hesabu wote walioandikishwa, na wale wanaosoma chuoni (madrasa) tu kwa maalimu. Wagawe: waliofaulu, waliopewa rufaa, wasiokuwepo, na walioshindwa kupimika. Hawa wa mwisho wengi huwafuta kwa kusema "alikuwa mtundu". Usiwafute. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu macho ya watoto wa chekechea, uitwao VIP (Vision in Preschoolers), uliona kuwa mtoto aliyeshindwa kupimika ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na tatizo kuliko aliyefaulu.

Hatua ya 3: Kaa pembeni utazame upimaji. Je, mita 3 kati ya mtoto na kadi ya picha zimepimwa kwa futi kamba au kwa hatua za mwalimu? Jicho limefunikwa kwa kibandiko, au mtoto amejiziba kwa kiganja na anachungulia katikati ya vidole? Kadi za Lea, yaani picha ambazo mtoto huzitaja wakati wa kupimwa, alizobuni daktari wa Ufini Lea Hyvärinen, zina nyumba, tufaha, duara na mraba. Kwetu tufaha huitwa moyo, na duara nimesikia ikiitwa chapati. Hakuna ubaya, mradi mtoto asibadilishe jina katikati. Mwalimu anayefoka "sema tufaha!" anapima msamiati.

Hatua ya 4: Rudia kupima, hata waliofaulu. Hapa ndipo wengi hukimbia, kwa kuwa panagharimu. Waliopewa rufaa wote, na mmoja kati ya kila watano waliofaulu, wapimwe upya kwa matone ya kupanua mboni na mtaalamu asiyejua matokeo ya kwanza. Ukimkuta mgonjwa mmoja kwenye sampuli hiyo ya waliofaulu, hesabu kuwa mmepitwa na watano.

Tuchukue mfano wa watoto 400, 20 kati yao wakiwa na tatizo. Mmenasa 16: asilimia 80, si haba. Wazima ni 380. Mkikosea kwa mmoja katika kila kumi, mmewapa rufaa ya bure 38. Jumla ya rufaa ni 54, wagonjwa halisi 16, yaani chini ya theluthi. Wazazi 38 watapoteza siku ya kazi, na jirani zao watasikia. Dawa yake si kulegeza kipimo, maana hapo mtawaacha wagonjwa. Wanaoshindwa warudieni siku nyingine, asubuhi, kabla hawajachoka, kisha ndipo muandike rufaa.

Hatua ya 5: Fuata karatasi ya rufaa. Kwa kila jina jaza: alifika kliniki? Alipata miwani? Anaivaa? Aliyekwama, muulize mama yake sababu na uiandike kwa maneno yake. Mama mmoja wa Pongwe aliniambia nauli alikuwa nayo. Karatasi yetu iliandikwa kwa Kiingereza, akadhani ni cheti cha kufaulu, akaibandika ukutani.