Kuunganisha tiba ya dharura na saikolojia ya watoto

Anayetaka kuunganisha fani hizi mbili nchini Tanzania hana budi kuanza na udaktari wenyewe: miaka 5 ya shahada, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya uzamili ya tiba ya dharura, na pia ya saikolojia tiba. Nashauri dharura itangulie, kwa kuwa mikono iliyokwisha kuzoea kufungua njia ya hewa huiacha akili huru kumsikiliza mtoto; kuzisoma zote kwa pamoja huku ukishika zamu za usiku ni kujitafutia balaa.

Usisubiri cheti cha pili ndipo uanze. Anapoletwa mtoto wa miaka 4 aliyeungua kwa uji, tuliza maumivu kwanza kwa dawa. Kisha chuchumaa hadi macho yenu yalingane, mwache mama ampakate, mweleze kwa maneno mafupi utakalofanya, na umpe uchaguzi wa kweli: dripu iwekwe mkono wa kulia au wa kushoto? Usimwambie kuwa haiumi, kwani akishagundua umemdanganya, kila siku ya kubadilisha bandeji itakuwa vita.

Kabla ya kumruhusu, mweleze mzazi kwamba majinamizi, kukojoa kitandani na kumng'ang'ania mama hutokea mara nyingi katika majuma ya mwanzo, lakini yakipita mwezi mmoja amrudishe kliniki, ambayo, ukiweza, uiendeshe mwenyewe walau siku moja kwa juma.