Kuweka bati la pembe nne ndani ya NEC-2

Kama unadizaini antena ya TV hapo Kisumu na unataka bati nyuma yake liwe rifleta (la kurudisha mawimbi mbele), usikimbilie pachi (vipande bapa vya uso) za NEC-2, ile programu ya kompyuta ya kupigia antena hesabu, zile ni za kitu kilichofungwa pande zote kama boksi ama tangi, bati jembamba likisimama peke yake zitakudanganya tu. Bati lifanye wavu wa waya. Kwa 600 MHz urefu wa wimbi ni sentimita 50, so matundu yawe sentimita 5, halafu gawanya hiyo 5 kwa 6.28 upate nusu kipenyo cha waya, kama milimita 8 hivi (ndio ni minene, wacha ikae hivyo). Makutano ya waya lazima yaangukie mwisho wa segimenti (vile vipande vidogo programu inakatia waya), katikati hazishikani hata zikipitana.

Kama ni boksi kweli, hapo tumia pachi: kwa faili unayoipa programu, laini inayoanza na SP yenye shepu namba 3 (pembe nne) inabeba kona ya kwanza na ya pili, laini ya SC chini yake inabeba ya tatu na ya nne. Kona zote nne zilale bapa moja. Ukiangalia kutoka nje zizunguke kinyume cha saa, na kila pachi isizidi sentimita 10 kwa 10.