Kuendesha mhadhara ambao wanafunzi ndio wanaofikiri

Mhadhiri mpya akiambiwa amweke mwanafunzi katikati, mara nyingi hugawa mada kwa vikundi, kila wiki kikundi kimoja kikawasilisha, naye akaketi nyuma. Hiyo ni kuwaachia wanafunzi kazi yako. Wanaowasilisha husoma slaidi, wengine wanachezea simu, na muhula unaisha kila kikundi kikijua mada yake tu. Kazi yako ya kwanza ni kuandaa swali, na huandaliwa kabla hujaingia darasani.

Kwa kipindi cha dakika 50, maswali mawili yanatosha. Tuseme ni somo la uchumi wa rasilimali, ukumbini Malimbe, kwenye kampasi ya chuo cha SAUT jijini Mwanza. Andika ubaoni: bei ya sangara imepanda, samaki ziwani wamepungua, na hakuna anayedhibiti idadi ya mitumbwi. Mvuvi mmoja atafanya nini? A, atapunguza safari ili samaki wazaliane. B, ataendelea kuvua, hata kuongeza safari, maadamu mauzo yanalipa mafuta na vibarua. C, ataacha kuvua mpaka bei ishuke.

Wengi watakimbilia A kwa sababu ndilo jibu la mtu mwema. Lakini samaki anayeachwa na mmoja huvuliwa na mwingine, kwa hiyo aliyejizuia anabeba hasara peke yake. Jibu ni B. Jibu potofu lisipovutia, darasa halina cha kubishania.

Kisha fuata mpangilio huu. Dakika 2 kila mtu aandike jibu lake kimya, pamoja na sababu. Usiruke hatua hii. Ukiiruka, wawili watatu wenye sauti watajibu kwa niaba ya ukumbi mzima. Halafu wapige kura kwa vidole wakiviweka kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, vitatu kwa C, ili jirani asiige. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard aliyeanza mbinu hii mwaka 1991, ana kipimo kinachofaa kukumbukwa. Waliopata jibu sahihi wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi usonge mbele. Wakiwa kati ya hapo, wape dakika 3 au 4 wabishane na aliyechagua tofauti, kisha wapige kura tena. Jibu sahihi usilitaje kabla ya kura ya pili, hata uso wako usilitaje.

Viti vimefungwa sakafuni? Safu ya kwanza igeukie ya pili, ya tatu igeukie ya nne. Mvua ikipiga bati hakuna atakayekusikia, kwa hiyo swali liwe limeandikwa daima, wala usitegemee projekta: umeme hukatika.

Lugha nayo ina mambo yake. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini kwenye mabishano ya wawili waache watumie Kiswahili, na Kisukuma kama wote wanakijua. Anayelazimishwa kubishana kwa Kiingereza hutafuta maneno badala ya sababu. Jibu la mwisho ndilo liandikwe kwa Kiingereza. Ukiuliza na ukumbi ukanyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kusema chochote. Ukijijibu mwenyewe mara mbili, watajua kwamba wakisubiri utajijibu, na hutawatoa tena.

Kazi za vikundi zibaki chache, watu 4 au 5, ukiwapanga wewe kwa kuhesabu namba. Wakijipanga wenyewe, marafiki hukaa pamoja na wageni huachwa. Wape kazi isiyopatikana kwenye madesa ya mwaka jana: waende mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, walinganishe bei ya dagaa waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye vichanja, waeleze tofauti inatoka wapi. Wanaobebwa na wenzao utawapata kwa njia rahisi: sehemu ya alama itokane na swali fupi ambalo kila mmoja analijibu peke yake siku ya kukusanya, bila kikundi.

Na mtihani ufanane na darasa. Ukibishanisha watu muhula mzima kisha ukauliza “taja sababu tano”, wiki ya tatu ya muhula unaofuata hakuna atakayebishana. Habari huwa zimeshafika hosteli. Weka angalau swali moja lenye hali mpya, mathalani dagaa badala ya sangara, na utoe alama kwa hoja, hata kama hitimisho halikukupendeza.