Namna ya Kuchagua Retiko ya Darubini ya Bunduki ya Kuwindia

Mwindaji anaponunua darubini ya bunduki, aghalabu huuliza kwanza inakuza mara ngapi na lenzi yake ya mbele ina upana gani, na retiko, yaani mistari na nukta atakazolengea, huiacha ije yoyote itakayokuja. Mpangilio huo hauna budi kugeuzwa. Retiko ndiyo itakayomwelekeza katika zile sekunde chache mnyama anaposimama wazi, na ikiwa haionekani upesi, au ina alama nyingi kuliko anazojua kuzitumia, ubora wa lenzi hautamsaidia. Kwa maoni yangu, retiko ifaayo kwa uwindaji ni ile yenye alama chache kadiri umbali wa kufyatulia unavyoruhusu, na yenye mistari inayoonekana hata katika mwanga hafifu.

Basi anza kwa kujiuliza ni umbali gani ambao una hakika ya kuifikisha risasi kwenye moyo au mapafu ya mnyama, ukiwa umepiga goti au umeegemea mti, si ukiwa umeketi mezani katika uwanja wa shabaha. Bunduki nyingi za kuwindia zenye risasi za kasi zinaweza kurekebishwa ili risasi isipande wala kushuka zaidi ya takriban sentimita 7.5 kutoka kwenye mstari wa kulenga, tangu karibu hadi zaidi ya meta 200. Ndani ya umbali huo unalenga katikati ya eneo la moyo na mapafu bila kukisia lolote, na hivyo huhitaji alama ya ziada.

Kwa mwindaji wa namna hiyo, retiko ya msalaba ambao mistari yake ni minene pembeni na myembamba katikati, iliyopata umaarufu baada ya kampuni ya Leupold kuitoa mwaka 1962, bado haijapitwa na wakati. Mistari minene hulivuta jicho hadi katikati hata kwenye vichaka vyenye vivuli, ilhali ile myembamba haimfuniki mnyama. Retiko ya Kijerumani namba 4, yenye nguzo tatu nene zinazotokea kushoto, kulia na chini, hufanya kazi hiyohiyo, nami ningeitanguliza kwa anayewinda msitu mzito au jioni.

Ukihitaji kupiga mbali zaidi, utakutana na retiko zenye vijistari chini ya msalaba kwa ajili ya kufidia kushuka kwa risasi, na hapa ndipo wanyama wengi wanapojeruhiwa bila sababu. Kwanza, vijistari hivyo hukisiwa kiwandani kwa uzito na kasi fulani ya risasi. Risasi yako ikiwa nzito zaidi, au mtutu wako ukiwa mfupi, hesabu hiyo haikuhusu. Pili, ni lazima ujue retiko imewekwa wapi. Iliyo nyuma ya lenzi za kukuza hubaki na ukubwa uleule machoni unapozungusha pete ya kukuza, hivyo thamani ya alama zake hubadilika, na kwa kawaida huwa sahihi katika ukuzaji wa juu kabisa. Chukua darubini ya mara 3 hadi 9: kijistari ambacho kwenye mara 9 kina thamani ya MOA 2 (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya sitini ya digrii), sawa na sentimita 17.5 kwa meta 300, kikitumiwa kwenye mara 4.5 kinakuwa na thamani ya MOA 4, yaani sentimita 35, na risasi itapita juu ya mgongo au itampata mnyama mahali pasipofaa. Retiko iliyo mbele ya lenzi hizo hukua na kupungua pamoja na taswira, kwa hiyo alama zake ni sahihi katika ukuzaji wowote; lakini ukuzaji ukiwa mdogo, mistari yake hukonda mno, na mnyama akitokea karibu kichakani unaweza usiione.

Kuhusu vipimo, MOA 1 ni takriban sentimita 2.9 kwa meta 100, na miliradiani 1, kipimo kingine cha pembe, ni sentimita 10 kwa umbali huohuo. Chagua kimoja, mradi retiko na vifundo vya kurekebishia vitumie kipimo kilekile.

Mwanga unastahili uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa wanyama wengi hutembea alfajiri na magharibi, saa ambazo mstari mweusi humezwa na manyoya meusi. Nukta inayowaka katikati husaidia sana, ila iwe na uwezo wa kufifishwa hadi kiwango cha chini kabisa, kwani ikiwaka mno humeremeta na kumficha mnyama. Hakikisha pia kwamba betri ikiisha, mistari inabaki ikionekana na kutumika. Mwenye astigmatiki, yaani kasoro ya jicho inayofanya taswira isikae sawasawa, huenda akaiona nukta ikiwa imetawanyika, na ni vyema aijaribu kabla ya kulipa.

Ukiwa dukani, omba kuitazama darubini nje, ukielekea kwenye kivuli, na ikiwezekana jua likishuka. Zungusha pete ya jicho ukitazama anga tupu, mbali na jua, hadi retiko ionekane kali mara tu unapoweka jicho; kisha ipunguze hadi ukuzaji wa chini na uone kama bado unaitambua katikati. Ikiwa ina vijistari vya umbali, usiviamini kabla ya kwenda uwanjani na risasi zilezile utakazowindia, ukafyatua kwa kila umbali na kuandika mahali risasi inapotua hasa. Kijistari kilichoandikiwa meta 300 kikikufikisha 270, ndiyo thamani yake kwa bunduki yako; iandike kwenye karatasi ndogo na uibandike ndani ya kifuniko cha lenzi.