Lenzi za fokasi ya mkono: kuanzia adapta hadi picha iliyokaa sawasawa

Mtu akikuambia lenzi yake ya zamani haina makali, usikimbilie kumwamini. Mara nyingi lenzi ni nzima. Kilichopotea ni sentimita chache kati ya jicho alilolikusudia na sikio alilolipata. Lenzi za kisasa hujisahihisha zenyewe bila wewe kujua. Ya mkono inakuachia kazi yote, na kazi hiyo ina utaratibu wake. Ninaandika hapa kwa mwenye kamera ya kidijitali isiyo na kioo cha ndani na lenzi yenye pete ya fokasi, inayoamua umbali upi utoke mkali, na pete ya apecha, yaani tundu linalopitisha mwanga. Wenye DSLR, yaani kamera za kidijitali zenye kioo hicho, nitawagusa inapobidi.

Hatua ya 1: Kagua lenzi kabla ya kuifunga

Fungua apecha hadi mwisho, toa vifuniko vyote viwili, mulika tochi kupitia nyuma ya lenzi huku ukitazama kwa mbele, ukiinamisha lenzi kidogo kidogo. Chembe za vumbi zisikusumbue. Karibu kila lenzi ya umri huo inazo na huzioni kwenye picha. Unachotafuta ni fangasi, yaani nyuzinyuzi zinazotambaa na kujigawa matawi juu ya kioo, na ukungu mweupe uliotanda kioo kizima. Ukungu huo ndio unaozipausha picha mwanga ukiwa mbele yako. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele unatisha macho tu. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ndio wa kuuogopa.

Zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Inatakiwa iende kwa uzito ule ule, bila kulegea wala kukwama. Kisha chungulia bapa za apecha ukiifunga na kuifungua: zikiwa zinang'aa kwa mafuta na kusogea kwa uvivu, lenzi inahitaji kusafishwa na fundi.

Ukiona kioo kina umanjano, usiitupe. Baadhi ya lenzi za zamani, na Super-Takumar 50 mm f/1.4 ndiyo inayotajwa zaidi (namba ya f ni ya apecha: ikiwa ndogo, tundu ni pana), zina kioo chenye thoriamu, metali yenye mnururisho, na kioo hicho hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Kuiweka chini ya mwanga wa urujuanimno kwa muda hupunguza rangi hiyo sana. Ukiamua kutumia jua, usiiache lenzi bila mtu: lenzi iliyoelekezwa kwenye jua huwasha moto.

Hatua ya 2: Chagua adapta kwa hesabu, si kwa kubahatisha

Kila aina ya maunti, yaani pale lenzi inapojifunga kwenye kamera, ina umbali wake maalumu kutoka kwenye ukingo wa maunti hadi kwenye filamu au sensa, kile kibao kinachopokea picha ndani ya kamera ya kidijitali. M42, ile ya kuzungusha kama skrubu iliyokuja na Contax S mwaka 1949, ina milimita 45.46. Nikon F ya mwaka 1959 ina 46.5. Canon FD ina 42, Minolta SR ina 43.5, Olympus OM ina 46. Sasa tazama kamera zisizo na kioo: Sony E ni 18, Nikon Z ni 16, Canon RF ni 20, Fujifilm X ni 17.7. Tofauti inayobaki ndiyo urefu wa adapta. M42 kwenye Sony E inahitaji bomba tupu la milimita 27.46, basi. Halina kioo ndani, kwa hiyo haliharibu chochote.

DSLR ndiko kwenye mtego. M42 kwenye Canon EF, yenye milimita 44, inakubali kwa adapta nyembamba. Kwenye Nikon F haikubali: lenzi inakaa mbali kuliko inavyotakiwa, na hutafokasi vitu vya mbali isipokuwa adapta iwe na kioo cha kurekebisha. Vioo hivyo vikiwa vya hali ya chini hupunguza makali, hasa apecha ikiwa wazi. Mimi sioni faida yake.

Lenzi za M42 zenye swichi ya A (otomatiki) na M (mkono) ziweke kwenye M, la sivyo apecha itabaki wazi hata ukizungusha pete hadi f/16. Za Canon FD zinahitaji adapta yenye pete ya kufunga na kufungua. Ukiisahau upande usiofaa, lenzi nayo itapiga picha zote ikiwa wazi.

Hatua ya 3: Andaa kamera

Kamera haitaiona lenzi hii, kwa hiyo ingia kwenye menyu na uruhusu kupiga picha bila lenzi. Bila hivyo kamera nyingi zitakataa kupiga. Weka hali ya A, ambapo wewe unashika apecha kwenye lenzi na kamera inachagua kasi ya shata, yaani muda pazia la kamera linapokaa wazi. Kama mwili wa kamera una kitulizi cha mtikisiko, kiandikie urefu halisi wa lenzi: 58 kwa lenzi ya milimita 58, hata kama sensa yako ni ndogo. Usizidishe kwa 1.5 kama wafanyavyo wanaolinganisha sensa ndogo na kubwa.

Kisha rekebisha kigurudumu kidogo kilicho kando ya dirisha la kutazamia. Wengi hawakigusi tangu siku kamera ilipotoka kwenye boksi. Tazama maandishi ya menyu kupitia dirishani na uzungushe mpaka herufi zikolee. Mwenye miwani afanye hivyo akiwa amevaa miwani ile ile atakayopigia picha.

Mwisho, pangia kitufe kimoja kazi ya kukuza picha, kiwe pale kidole gumba kinapofikia bila kutafuta. Hiki ndicho kitufe utakachokitumia kuliko vyote.

Hatua ya 4: Ijue lenzi yako kwenye tripodi

Watu hawapendi hatua hii kwa sababu haitoi picha ya kuonyesha mtu. Ifanye hata hivyo, kwa sababu ndiyo itakayokuambia baadaye kosa ni la nani.

Weka kamera kwenye tripodi, zima kitulizi, tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili. Lenga kitu chenye maandishi madogo, kilichosimama wima, mita mbili hivi mbele yako. Kuza picha, fokasi kwa uangalifu, piga kwenye kila namba ya apecha kutoka iliyo wazi kabisa hadi f/11. Zitazame kwenye kompyuta kwa asilimia 100. Lenzi nyingi za milimita 50 za enzi ya filamu zikiwa wazi hutoa picha laini yenye kaukungu kuzunguka sehemu zenye mwanga mkali, na ukifika f/4 au f/5.6 zinabadilika kabisa. Hiyo ni tabia yake, wala si ugonjwa.

Angalia pia kama fokasi inahama unapofunga apecha. Kwenye baadhi ya lenzi zenye f/1.4 au f/1.2, ukifokasi ikiwa wazi kisha ukafunga hadi f/2.8, mahali palipo kali husogea nyuma kidogo. Dawa yake ni kufokasi kwenye apecha ile ile utakayopigia.

Kisha toka nje na ulenge kitu kilicho mbali sana: mlima, mnara, mwezi. Zungusha pete hadi alama ya ∞. Adapta nyingi hutengenezwa fupi kidogo kwa makusudi ili kitu cha mbali kisikose kufikiwa, kwa hiyo utagundua kwamba makali kamili yanapatikana kabla ya pete kugonga mwisho. Kumbuka umepita kiasi gani, maana namba za mita kwenye lenzi nazo zimepotoka kwa kiasi hicho.

Hatua ya 5: Kufokasi kwenyewe

Kamera nyingi zina pikingi, yaani zile kingo za rangi zinazowaka kwenye kitu kilicho ndani ya fokasi. Pikingi inasaidia sana, na inadanganya sana. Inachopima ni tofauti kali kati ya giza na mwanga. Nywele nyeusi kwenye ukuta mweupe zitawaka mapema kabla hazijafika kwenye fokasi. Shavu laini halitawaka hata likiwa sawasawa. Itumie kufika jirani na mahali unapopataka. Kuamua, kuza picha.

Weka pikingi kwenye kiwango cha chini, rangi nyekundu au ya manjano. Kama unahifadhi faili za RAW, yaani data ghafi ya sensa, badilisha mtindo wa picha kuwa nyeusi na nyeupe: dirishani utaona ulimwengu usio na rangi, rangi pekee ikiwa ni ya pikingi, na faili lako bado litabaki na rangi zake zote.

Chukua mfano wa uso wa mtu, lenzi ya Helios 44-2 ya milimita 58 f/2. Ni lenzi ya Kisovieti iliyofuata muundo wa Biotar ya Carl Zeiss Jena, na wengi huipenda kwa jinsi mandhari ya nyuma yanavyojizungusha ikiwa wazi. Ina pete mbili za apecha: moja unaiwekea kikomo, nyingine unafungua na kufunga hadi kikomo hicho bila kutoa jicho dirishani. Ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, kwa f/2 na sensa kubwa (yenye ukubwa wa fremu ya filamu, milimita 36 kwa 24), kina kilicho kali ni kama sentimita nane tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Ukimsogelea hadi mita moja, kinabaki kama sentimita tatu na nusu. Kupumua kwako tu kunatosha kukitoa mahali pake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kiganja cha kushoto kiwe chini ya lenzi kikiubeba uzito, kidole gumba na cha shahada vikishika pete. Viwiko vibane mbavuni. Panga picha kwanza, sogeza kisanduku cha kukuza kwenye jicho lililo karibu nawe, kisha kuza. Zungusha pete hadi kope zikolee, zipitishe kidogo mpaka zianze kulainika, halafu rudi. Kile kitendo cha kupita na kurudi ndicho kinachokuonyesha kilele kiko wapi. Anayeishia mara ya kwanza anapoona pazuri kwa kawaida amesimama kabla ya kilele. Tazama kope, usitazame mboni, kwa sababu kope zina mistari.

Ukishafika, iache pete. Kuanzia hapo fokasi unaishika kwa mwili: egemea mbele nusu sentimita, rudi nyuma, na kope zikikolea bonyeza. Piga tatu au nne mfululizo ukiendelea kuegemea pole pole. Usifokasi katikati ya fremu kisha ukageuza kamera kupanga upya, maana kwa kina cha sentimita tatu mgeuko huo tu unakutoa nje.

Kuhusu kasi ya shata, ile kanuni ya zamani ya sekunde moja kugawanya kwa urefu wa lenzi (1/60 hivi kwa 58 mm) haitoshi kwa sensa za leo zenye pikseli nyingi. Kwa 58 mm usishuke chini ya 1/125, na mtu akiwa anaongea au kucheka nenda 1/250. Acha ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ipande. Chembechembe zinavumilika, mtikisiko hauvumiliki.

Hatua ya 6: Vitu vinavyotembea

Hapa usishindane kwa kuzungusha pete. Weka fokasi mapema na umsubiri mtu aingie. Kwa lenzi ya 28 mm kwenye sensa kubwa, f/8, ukifokasi mita 3.3, kila kitu kuanzia kama mita 1.6 hadi mbali kabisa kitakubalika. Kwa 35 mm na f/8, fokasi mita 5.1 na utaanzia 2.6 hivi. Ile mistari iliyopangwa pande mbili za alama ya fokasi kwenye lenzi inakupa hesabu hiyo hiyo, ila ilichorwa kwa ajili ya chapa ndogo za filamu. Mimi hutumia mistari ya f/5.6 nikiwa nimefunga f/8. Na kama adapta yako ni fupi, kama ulivyoona katika hatua ya 4, usiziamini namba za mita. Pima mita 3.3 kweli, fokasi hapo, bandika kipande chembamba cha utepe kwenye pete.

Hatua ya 7: Picha ikikataa, soma kosa

Fungua faili kwa asilimia 100 na utafute kama kuna mahali popote palipo kali. Sikio likiwa kali na jicho likiwa laini, ulikosa fokasi au uliyumba. Kama hakuna kilicho kali na vinukta vya mwanga vimevutika kuwa vijistari vya upande mmoja, ni mtikisiko wa mkono. Mandhari yakiwa makali na mtu amefifia kwa mwendo wake, ni shata iliyokuwa polepole. Mahali pa fokasi pakiwa sahihi lakini picha nzima imepauka, geuka ili mwanga uwe pembeni au ivishe lenzi kikinga jua mbele, kisha rudi na tochi kwenye hatua ya 1.

Hatua ya 8: Kuwaonyesha wenzako

Faili halitaandika apecha wala jina la lenzi, kwa hiyo baada ya kila badiliko la maana piga picha moja ya haraka ya pete ya apecha kwa simu. Unapoomba ushauri, weka picha nzima, ukiipunguza upande mrefu hadi pikseli 2000 hivi, pamoja na kipande cha asilimia 100 cha pale ulipokusudia kufokasi. Taja lenzi, apecha, umbali wa kukadiria, kasi ya shata, adapta, na kama ulishika mkononi. Kipande hicho kiwe bila kuongezwa makali kwenye programu, kwa sababu makali ya programu huzipa kingo mistari myeupe na hapo hakuna awezaye kutofautisha kosa la fokasi na kosa la kuhariri. Na ukiombwa ushauri nawe, uliza kwanza alikusudia kufokasi wapi, ndipo useme lolote kuhusu lenzi.