Kabla hujaandika jina la kilima cha volkano

Nina miaka tisa nafundisha jiografia Urambo, na daftari langu la kwanza bado lina aibu niliyoiandika kwa mkono wangu: "Mlima Lugulu". Nilikutana na babu mmoja anarudi kurina asali, nikamwonyesha kilima kwa kidole nikauliza kinaitwaje. Akajibu, "Lugulu." Nikaandika, nikashukuru, nikapanda pikipiki. Lugulu kwa Kinyamwezi ni mlima. Mtoto wa Pwani nilikuwa nimeandika Mlima Mlima!

Usicheke sana. Kwa Kimaasai *ol doinyo* nayo ni mlima, kwa hiyo kila anayesema "Mlima Ol Doinyo Lengai" yuko benchi moja na mimi.

Tangu siku hiyo siulizi "hiki kinaitwaje". Nasalimia kwanza, "Mwangaluka", nikikaribishwa nakaa, habari za mvua na tumbaku zinapita, ndipo nauliza: "Babu, mbuzi wakipotelea kule juu, utawatuma vijana wakawatafute wapi?" Hapo jina linatoka lenyewe. Kisha zunguka, umuulize na anayeishi upande wa pili wa kilima, maana kilima kimoja kinaweza kuwa na majina mawili. Andika yote mawili, na kando ya kila jina uandike ulikuwa umesimama wapi.

Jina ukishalipata, dai jiwe. Hapa Tabora kila kilima chenye mawe makubwa utaambiwa ni volkano, kumbe ni graniti tu: jiwe la rangi isiyokolea, chembe zake zinametameta juani. Cha kufananisha nacho tunacho Kaliua, vilima vya Igwisi. Ni volkano tatu ndogo, zimejipanga kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, na ile ya kaskazini-mashariki ilimwaga lava ambayo bado ipo. Mwamba wake ni kimberlaiti, jamii ileile ya mwamba wa almasi kule Mwadui, ila huu kwa umri bado ni mdogo mno: una miaka ipatayo 12,000 tu. Shika kipande uone punje za olivini, madini ya rangi ya kijani, za mviringo kama zimefinyangwa. Kwangua unga kidogo, dondoshea siki. Utaona vipovu, kwa sababu lava hiyo ina kalisaiti nyingi, madini yaleyale yanayounda jiwe la chokaa. (Jiwe la chokaa la kawaida nalo linatoa vipovu, kwa hiyo siki peke yake isikudanganye. Mimi natembea na chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa siki. Wanafunzi wanadhani naumwa.)

Urefu ndiko wengi wanakoharibu. Igwisi ina mita 1,146 kutoka usawa wa bahari. Ukiiandika hivyo tu, msomaji wa Dar es Salaam anawaza mlima wa kutisha, wakati uwanja wa ndege wa Tabora, tambarare kabisa, uko juu zaidi ya hapo. Andika vipimo viwili: kutoka baharini na kutoka chini ya kilima. Simu inayosoma mwinuko inakupa makadirio: soma ukiwa chini, soma tena ukifika juu, toa.

Mlima au kilima? Waachie wenyeji. Kilimanjaro ina mita 5,895 na bado tunaanza na "kilima".

Ukurasa wangu ule sijauchana. Nimechora mstari juu ya "Lugulu", na chini yake nimeacha nafasi ya jina la upande wa pili, ambako sijarudi tangu mvua zikate barabara.