Unataka tairi za MT? Anza na tope la njia yako

Masika ikikaribia tu ubishi wa tairi za MT (mud terrain, yani tairi za tope) unaanza, BFGoodrich KM3 ndo kali, mwingine anasema Maxxis Bighorn, mwingine Yokohama Geolandar M/T, na kila mtu anatetea aliyoivaa yeye. Hizo zote ni tairi za kueleweka, brandi iache iwe swali la mwisho mkuu. Cha kwanza jiulize unapita kwenye tope la aina gani, maana tope halifanani.

Kuna ule udongo mweusi wa mbuga, unaoupata ukanda wa magharibi wa Serengeti na upande wa Maasai Mara pia. Ule ukilowa unanata balaa, unajaa kati ya kashata (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga chini) mpaka tairi inageuka andazi, hapo hata uwe na 4x4 unateleza tu. Kwa tope hilo tafuta MT yenye kashata kubwa zilizoachana sana, na mifereji iliyo wazi mpaka pembeni ili tairi ikizunguka kwa kasi irushe tope nje. Ukiiangalia dukani ukaona kashata zimebanana ujue itaziba. Na kashata ziwe zimeshuka mpaka kwenye ubavu kidogo, kwenye makorongo zile za pembeni ndo zinakamata kuta za korongo na kukutoa.

Sasa ukija udongo mwekundu wa milimani, mfano barabara za Karatu huko ndani mvua ikinyesha, stori ni nyingine kabisa. Pale juu kuna utelezi mwembamba tu ila chini ni pagumu, na MT yenye mapengo makubwa inagusa ardhi kidogo, kwa hiyo inateleza vizuri sana, tena kwenye mteremko inatisha. Hapo unataka MT yenye ile mikato myembamba juu ya kashata, au niseme tu ukweli, AT (all terrain, tairi ya njia mchanganyiko) nzuri inaweza kuipiku MT na gari ikatulia zaidi.

Na lami usiisahau. MT zinapiga kelele, zinakula mafuta, na kwenye lami iliyolowa breki zinachelewa kushika, hilo halina mjadala. Kama wiki nzima uko mjini halafu shamba unaenda mara mojamoja, nunua AT, hela inayobaki nunua kamba nzuri ya kuvutia na koleo.

Saizi ndo watu wanapotezwa na muonekano. Chukua gari inayovaa 265/70R16 (yani upana milimita 265, ubavu asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 16), ukiipandisha 285/75R16 kipenyo kinaongezeka karibu milimita 56, ila difu inapanda nusu yake tu, milimita 28, na dashibodi ikisoma 100 kwa hesabu wewe uko kama 107. Bado tairi inaweza kusugua ukikata usukani mpaka mwisho, na injini inakuwa nzito. Mimi kwa gari ya kazi napenda 235/85R16, ni ndefu kidogo kuliko 265/70 lakini nyembamba, inakata tope mpaka inafika pagumu chini. Ila kama tope lenu halina mwisho, yani gari inazama tu, hapo pana yenye upepo mdogo inaelea vizuri zaidi.

Kuhusu plai, yani ugumu wa tairi kubeba mzigo, Landkruza ya safari iliyojaa wageni na mizigo usicheze, weka plai 10, ubavuni imeandikwa E. Lakini usiipachike hiyo kwenye Jimny ambayo haina hata uzito wa kuikunja, itakurusharusha kwenye mawe na mshiko huuoni. Hapo plai 6 inatosha sana.

Ukifika dukani soma ubavu mwenyewe usisubiri muuzaji. M+S (tope na theluji) isikudanganye, hata AT za kawaida zinaandikwa hivyo. Tafuta neno DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, yani 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Mitumba ya MT unaweza kukuta kashata bado ndefu kabisa ila mpira umekauka, ikunje kashata kwa mkono uchungulie chini yake, ukiona nyufa achana nayo hata kama bei inavutia. Na nunua tano, sio nne. Prado nyingi zinaendesha magurudumu yote muda wote, spea yenye kipenyo tofauti inaitesa difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Ukishafunga, upepo ndo nusu ya kazi. Kwenye tope na mchanga shusha mpaka PSI 20 hivi kwa tairi isiyo na tyubu, kwenye mchanga hasa maana MT yenye upepo mwingi inachimba shimo lake yenyewe. Chini ya 15 tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Zile 7.50R16 za tyubu usishushe sana, rimu inazunguka ndani ya tairi na kung'oa valvu. Kwa hiyo geji na pampu ndogo vikae garini, ujaze kabla hujaingia lami, na kila kilomita 8,000 hivi uzihamishe mbele na nyuma maana MT ikishaanza kuliwa upande mmoja kelele yake hutoizoea.